Landrova ya Ras Kitau

Kirimi alikuwa fundi wa magari jeshini miaka ishirini na mbili, na alipostaafu akaangukia kazi ya kulinda hoteli iliyofungwa huko Ras Kitau. Nyuma ya jiko alikuta Landrova kuukuu ya jeshi, imezama mchangani hadi ekseli. Mwenye hoteli alimwambia akipenda aifufue. Alipenda. Mkewe alikwisha kufariki, watoto wako Meru na hawapigi simu ila Krismasi; mtu afanyeje na siku zake?

Mwaka mzima mtu mmoja tu alikuja kumtazama: Mselem, fundi wa mashua wa pale ufuoni. Kila akitoka kuswali alasiri alikuja na birika la kahawa, akakaa juu ya tairi, akauliza hiki ni nini na kile cha nini. Kirimi alijifanya anachoshwa na maswali. Mwongo mkubwa, ikifika saa kumi alikuwa keshaosha vikombe.

Kisha akaenda Meru kumzika kaka yake. Aliporudi alipokewa na harufu. Gari zima lilimeremeta mafuta ya papa, yale wanayopaka mashua, na Mselem amesimama kando anatabasamu.

"Nimekupakia, Bwana Kirimi, lisiliwe ni munyu wa bahari. Hata ndani ya magurudumu."

Ndani ya magurudumu mna breki. Lainingi mpya za breki, alizozingoja miezi minne, zilikuwa zimelowa chepechepe, na zikilowa mafuta hazishiki tena.

"Hii si mashua," Kirimi alisema. "Mjinga wewe. Usinigusie gari tena."

Ulimi wa kambini huo. Jeshini mtu hutukanwa asubuhi, mchana mkala sahani moja. Mselem hakuwa askari. Alisema, "Niwie radhi," akachukua birika lake.

Lainingi nyingine zilikuja baada ya miezi miwili. Bodi, ukweli usemwe, haikuwa na doa la kutu. Siku baada ya siku saa kumi ilipita, vikombe vikavu. Kirimi aliona haya kwenda kuomba msamaha mikono mitupu, akaamua atakwenda na gari.

Siku injini ilipowaka hakuna aliyesikia ila kunguru. Aliendesha polepole hadi ufuoni, akashuka, akafungua mlango wa abiria.

"Mselem, nilikukosea. Panda, ndugu yangu. Nilitaka uwe wa kwanza."

Mselem aliinuka, akalizunguka gari, akasema limetengenea, mashallah. Kisha akaitazama shuka aliyojifunga.

"Nguo zangu zina mafuta, Bwana Kirimi. Nitakuharibia."

Alisema kwa adabu, bila kinyongo, kama asemavyo mtu na mgeni. Akarudi kwenye mashua yake. Kirimi alibaki ameushika mlango, injini ikiunguruma, hajui sasa aende wapi.