Barua ya Nne

Kwa miaka mitatu Hilda, mlinzi wa hifadhi ndogo ya nyasi na maua ya porini kwenye mawe ya chokaa huko Chamwino, hakupatana na mbuzi wa Mama Tereza. Kila walipopenya uzio aliwatimua huku akiwatukana, kisha akampelekea mwenyewe barua ya onyo yenye mhuri. Zilishafika tatu.

Mwaka huu walipenya tena, wakala kona nzima mpaka mawe yakabaki wazi. Hilda alilia kwa hasira. Mvua ziliponyesha, akaenda kutazama hasara, akaduwaa. Kwingine kote nyasi zilikuwa zimesongamana hadi kiunoni, hazina hata ua moja. Kwenye kona ya mbuzi maua ya manjano yalijaa tele, na vipepeo wa buluu wakigombania nafasi. Hilda alicheka peke yake mpaka akakaa chini.

Siku hiyohiyo akapiga hodi kwa Mama Tereza.

“Shikamoo, mama. Naomba mbuzi wako waje kula kule kwangu.”

“Marahaba.” Mama Tereza aliendelea kupepeta mtama, uso mkavu. “Mbuzi wangu hawaendi mahali kwa maneno matupu, umeshawazoesha barua. Waandikie, na mhuri usisahau.”