Mabati ya Nahodha Muharami

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kama nimechomeka humu neno hata moja la kubuni, basi sato wote wa Kigongo wanikatae na mboga yangu iwe kisamvu kisicho na chumvi mpaka nizikwe. Najua wapo watu wakisikia Mihayo anaapa wanashika mifuko yao. Waishike tu, lakini wasome.

Nilikuwa mfunga kamba kwenye kivuko cha Kigongo na Busisi mpaka nilipostaafu. Nahodha wangu alikuwa Muharami, mtu wa Ukerewe, mpole, mwenye sauti ya ajabu. Akisema "Funga!" upande wa Kigongo, mbuzi wa Busisi walikuwa wanalala chini wakidhani wanachinjwa. Alipostaafu alirudi kwao Nansio kuvua, na tangu hapo hatukuonana. Nikiri kwamba nilimtumia kwenye hadithi zangu mara nyingi kuliko nilivyompigia simu.

Halafu likaja daraja. Siku lilipofunguliwa tulipiga vigelegele, mimi nikiwa wa mbele. Hatukufikiria kwamba magari hayatasimama tena. Kigongo nzima ilikuwa inakula kwenye foleni ya kivuko: mayai ya kuchemsha, karanga, maji, samaki wa kukaanga. Sasa mabasi yanapita kule juu bila kutuangalia, kama mtu anayepishana na mkwewe. Huku chini vibanda vimebaki miti mitupu, na vijana wanakaa kwenye mawe wakitazama maji.

Teodora alikuwa akikaanga samaki kwenye hiyo foleni. Ilipokufa, mwanawe Nathaniel alikwenda machimboni upande wa Geita. Alirudishwa amefungwa kwenye blanketi, shimo la dhahabu, wanaloliita duara, limemfukia. Baada ya matanga Teodora aliiomba serikali ya kijiji ghala la zamani la barafu, akaweka cherehani nne na mashine moja ya kuchomelea, akaliita kituo cha vijana. "Sitaki kuzika wa mtu mwingine," ndivyo alivyosema, na hakuongeza neno.

Kisha upepo ukaja kutoka ziwani ukaezua paa lote. Kijiji kikamwambia kama halijaezekwa kabla ya masika, ghala litakodishwa kwa mwenye mkaa. Vijana wakaanza kuulizana nauli ya Geita.

Tukakaa kikao cha kutafuta njia ya kupata pesa, katikati ya kuta nne, mawingu yakitusikiliza.

"Tufanye bonanza la mpira," akasema Revocatus, fundi wa kuchomelea, ambaye ndiye mkubwa wa vijana.

"Kiingilio atalipa nani?" Teodora akamuuliza. "Wachezaji ni nyie, watazamaji ni nyie."

"Basi matembezi ya hisani. Tuvuke daraja kwa miguu, tukichangisha."

"Tumchangishe nani kule juu? Upepo?"

Mimi nikasema tuwatoze watu wa mjini waje kumtazama sangara niliyewahi kumvua, yule aliyekutwa na kengele ya kivuko tumboni, inalia.

"Ngosha," Teodora akaniita Kisukuma, "huyo sangara yuko wapi?"

"Tulimla."

"Na kengele?"

"Iliiva, tukaila pia."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu ambao hawajanywa chai. Mwisho tukarudi kwenye harambee, kwa sababu ndiyo tuliyoizoea.

Siku ya harambee, mgeni rasmi, mfanyabiashara fulani wa Nyamagana, alituma udhuru na katoni mbili za maji. Watu walikaa kwenye viti vya kukodi wakitazama vidole vya miguu yao. Mmoja akaahidi bati moja. Mwingine akaahidi misumari. Mwingine akaahidi maombi. Teodora alikuwa amesimama mbele na lile gauni lake la msibani, maana hana jingine zuri, akishukuru kila mmoja kwa sauti ileile. Nilimwona anavyomtazama Revocatus, na Revocatus anavyotazama barabara.

Sasa kwetu harambee ina desturi moja: asiyekuwepo husemewa. Mtu anasimama anasema, "Fulani ameniagiza," na hakuna anayeuliza ameagiza lini, maana kuuliza ni kumvunjia heshima huyo fulani. Nikasimama. Naapa miguu ilisimama kabla yangu.

"Nahodha Muharami ameniagiza," nikasema. "Anasema mabati arobaini."

Makofi yaliyopigwa hapo yalifukuza korongo mpaka Busisi. Nilimchagua Muharami kwa sababu anaheshimika na yuko mbali. Nilikusudia nimpigie simu baadaye, tucheke, halafu tuone. Hesabu yangu ilikuwa kwamba wengine wataona haya, na kweli waliona. Dorcas, mjane anayeanika dagaa, akasimama na kanga yake kiunoni.

"Kama nahodha aliyehama anatukumbuka," akasema, "mimi niliyebaki nitasema nini? Nina mabati matatu niliyoyaweka ya choo changu. Chukueni."

Baada yake wakainuka wengine, mpaka paa likatimia kwa maneno. Teodora akakaa chini, akafunika uso kwa mikono. Jioni ile nilijaribu namba ya Muharami, haikupatikana. Nikasema kesho. Kesho nikasema kesho.

Nilisahau kwamba Teodora ni mtu mwenye adabu. Alimtuma mchuuzi wa dagaa anayekwenda Nansio amfikishie nahodha shukrani za Kigongo.

Aliyekuja na jibu hakuwa mchuuzi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtandio mweusi, mkoba begani, amepanda meli ya Nansio mpaka Mwanza na Hiace mpaka kwetu. Alitukuta mimi na Teodora tunapima mbao za kenchi za paa la ghala.

"Shikamoo baba mdogo. Mimi ni Najat, binti wa Muharami."

"Marahaba mwanangu! Mzee hajambo?"

"Baba tulimzika mfungo mosi, baada ya Ramadhani."

Nilikaa juu ya tofali. Teodora akampa pole, akamletea maji, na Najat akayanywa yote kabla ya kusema tena.

"Siku ya mazishi shehe alisimama akauliza, anayemdai marehemu ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Tukamzika tukisema baba kaondoka mwepesi. Sasa zimekuja salamu kwamba aliacha ahadi ya mabati arobaini. Ahadi ni deni, na deni la maiti haliozi naye. Nimeshapata mnunuzi wa injini ya mtumbwi."

"Wewe unaishi kwa nini?" Teodora akamuuliza.

"Kwa huo mtumbwi."

"Na watoto?"

"Kwa huohuo." Akanigeukia. "Baba mdogo, nina ombi moja. Niambie alikuagizaje. Maneno yake yenyewe."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilimwona yatima ameniinamia, nikataka kumpa kitu cha kubeba. Nikamwambia alinipigia mwaka huu mwanzoni, asubuhi, na nyuma yake nilisikia mawimbi. Nikamwambia alisema, "Mihayo, wale watoto wasinyeshewe mimi nikiwa hai." Naye Najat alikuwa anatikisa kichwa polepole kama anayekubali, na mimi nikitikisiwa kichwa siwezi kujizuia.

"Alicheka?" akauliza.

"Alicheka mpaka akakohoa. Ile sauti yake! Nikaiweka simu mbali na sikio."

Najat akafunga kifuniko cha chupa ya maji, akakikaza sana.

"Baba alitobolewa koo hospitalini mwaka juzi," akasema. "Tangu siku hiyo hakutoa sauti. Alikuwa akitaka kitu anaandika kwa kidole kwenye mkeka, sisi tunasoma."

Kule nje Revocatus, aliyekuwa akigonga chuma, aliweka nyundo chini.

"Nilipopata salamu nilijua haiwezekani," Najat akaendelea. "Lakini ndani ya meli nikawaza, labda iko siku mimi nilikuwa ziwani, sauti ikamrudia hata kidogo, akampigia rafiki yake badala ya sisi. Nilikuwa tayari kuuza injini kwa ajili ya siku hiyo moja. Haikuwepo, baba mdogo?"

"Haikuwepo," nikasema.

Alilia hapo, na nadhani alimlia baba yake upya, zaidi ya siku ya kaburi. Teodora alimshika mabega, na mimi alinitazama kama anavyotazama shimo la choo lililo wazi.

"Mzee Mihayo," akasema. "Dorcas nitamwambia nini? Hao wengine walioahidi nyuma ya jina la marehemu, nitawaambia nini?"

"Baba mdogo atawaambia mwenyewe," Najat akajibu, akijifuta kwa mtandio. "Baba hatadaiwa kwa mdomo wa mtu. Aliyemsemea atasema mbele ya walewale, halafu atalipa yeye."

Jumapili, watu walipotoka kanisani, nikasimama palepale tulipofanyia harambee. Muharami hakuahidi kitu, nikasema. Amekufa, na nilikuwa sijui hata kama anaumwa. Nilitegemea matusi. Kumbe matusi yangekuwa nafuu. Wazee niliofanya nao kazi kivukoni walivaa kofia zao, wakaanza kumwombea rehema nahodha, na mimi sikualikwa kwenye dua hiyo. Watatu wakafuta ahadi zao papo hapo. Teodora hakuwazuia.

Ndipo Dorcas akauliza, bila kunitazama, "Mabati yangu mimi yako palepale nilipoyaweka. Ya huyu yako wapi?"

Yangu yalikuwa juu ya nyumba yangu. Ndiyo kiinua mgongo changu chote, maana serikali ilinipa pesa nikazigeuza bati kabla jamaa hawajazinusa. Jumatatu Revocatus alileta ngazi na wenzake wawili. Najat, aliyekuwa amelala kwa Teodora, akasimama uani na mtandio wake mweusi kuhakikisha jina la baba yake linasafishwa. Kila bati likitua chini analihesabu kwa sauti. Jua liliingia chumbani kwangu, likaonyesha kitanda, ndoo, na picha ya harusi, vyote vikiwa vidogo kuliko nilivyodhani.

"Hili lenye tundu," nikasema, "lilipigwa na radi. Radi yenyewe ndiyo iliyo..."

"Kumi na saba," akasema Najat.

Nilikuwa nimepanga kuhamia jikoni, kile kibanda cha marehemu mke wangu nyuma ya nyumba, nacho kimeezekwa bati. Kina moshi wake bado kwenye kuta, na kinanitosha nikikunja miguu. Nyumba ikaisha, vijana wakashuka wakijipangusa kutu.

"Thelathini na moja," Najat akasema. "Bado tisa, baba mdogo."

Revocatus akanitazama mimi, kisha akatazama nyuma ya nyumba, kisha akaangalia chini kwa aibu yake mwenyewe. Hakutaka kuwa wa kulisema. Mawingu ya masika yalikuwa yamesimama upande wa Busisi, meusi. Nikaishika ngazi mwenyewe, nikaivuta mpaka nyuma, nikaiegemeza kwenye ukuta wa jiko.