Mstari wa Nne

"Andika uzembe," msimamizi alimwambia karani. "Mstari wa nne, chanzo cha ajali. Uzembe."

Milimita aliuinua mkono wa kulia, uliofungwa bandeji hadi kiwikoni, kisha akaushusha. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kwa miaka kumi na tisa kwenye mashine ya kukata karatasi hakuwahi kukosea kipimo.

"Bosi, mzembe ni mtu asiyejali kazi. Mimi nilipitiwa. Uliniita, nikageuka."

"Kuzembea na kupitiwa ni baba mmoja, mama mmoja. Vidole viko wapi?"

Karani alicheka kidogo, kisha akajikohoza.

"Mashine ina vitufe viwili," Milimita alisema taratibu. "Kisu hakishuki mpaka mikono yote miwili ibonyeze. Kitufe kimoja ulikifunga kwa waya mwenyewe, kibaki kimebonyezwa, ili kazi iende mbio. Andika hilo."

Msimamizi alivuta kiti, akakaa karibu naye. Sauti ikalainika.

"Sikiliza, kaka. Nikiandika waya, ofisi kuu watakifunga chumba kizima, na watu ishirini watarudi kwao kwa sababu yako. Ukisaini uzembe, nakupa kazi ya getini. Kufungua na kufunga, basi. Una mke, una wajukuu. Usijifanye mwalimu wa Kiswahili hapa."

Milimita aliisoma karatasi mara mbili. Kusoma alijifunza ukubwani, baada ya kazi, na hakuwahi kutia sahihi kitu asichokielewa. Hiki alikielewa. Akashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Jina lake likatambaa, likapanda juu ya mstari, likaanguka chini yake.

Msimamizi aliikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Ahsante. Ila ofisi kuu wana sheria yao. Mzembe haajiriwi tena, hata getini."

"Si umenipa neno lako sasa hivi?"

"Ah," msimamizi alisema, akiinuka. "Nilipitiwa."

Safari hii karani alicheka hadi akafuta machozi.

Getini mlinzi alikuwa na haya. "Utaratibu tu, shemeji. Nyanyua mikono." Akampapasa mifuko, kiuno, miguu. Alipofika kwenye bandeji alisita, akatazama dirisha la ofisi, kisha akaanza kuiminya polepole, toka kiwikoni kwenda chini, asije mtu akatoka na mali ya kiwanda.