Mlio wa Mchana

Alhamisi ile redio ya Ndeti ilianza kunguruma, utadhani mtu anakaanga mahindi ndani yake. Chini ya mngurumo huo, mbali sana, alikuwa Muthama wa Ikutha, rafiki yake wa hewani tangu wote wawili wapate leseni ya kuzungumza redioni. Jumatatu madaktari wangemtoa Muthama koo lenye uvimbe, na sauti ingeondoka nalo. Kwake simu haishiki mpaka upande kilima, na miguu yake ilikuwa imegoma. Kama Ndeti angemsikia tena, ni kwa redio tu, tena mchana, kwani usiku mawimbi yao hayafiki, na kabla ya Jumapili kwisha.

Ndeti si mtu wa kubahatisha. Alichomoa waya wa antena, redio ikanyamaza. Basi kelele ilitoka nje. Akazima meni swichi ya nyumba nzima, akaendesha redio kwa betri ya gari. Kelele ikabaki palepale, naye akajiona hana kosa. Akazunguka boma na karedio kadogo ka mkononi. Kalilia zaidi pale banda la ng'ombe linapopakana na ua wa jirani yake, Wayua, aliyekuwa na mashine ya kuangua vifaranga. Ndeti hakuangalia juu ya banda. Aliangalia ng'ambo.

"Mama Mwongeli, nakuomba uzime hiyo mashine mpaka Jumapili," alimwambia Wayua.

"Mzee, mayai iko karibu kuanguliwa. Nikizima itakufa."

"Rafiki yangu wa redioni anatolewa koo Jumatatu, hataongea tena milele. Mayai utaweka mengine."

Wayua akaingia ndani, akazima.

Kelele haikupungua hata kidogo. Badala ya kumkimbilia amwambie awashe, Ndeti alijidanganya kwamba kelele zilikuwa mbili na moja ameshaimaliza. Alishinda siku mbili akibadilisha nyaya.

Jumapili mchana wingu zito lilipita juu ya kijiji chao cha Mbumbuni, na mngurumo ukafifia. Jua lilipotoka, ukarudi. Ndeti akatoka nje, akainua macho. Juu ya banda ilikuwapo sola aliyowekewa na bintiye, na sola haipiti kwa meni swichi. Fundi alikuwa amebadilisha kisanduku chake cha kuchaji wiki ile, Ndeti akiwa matangani. Akakichomoa. Redio ikatulia kabisa.

Alimwita Muthama mpaka sauti ikamkauka. Kumbe gari lilikuwa limeshampeleka hospitali asubuhi ile.

Akaenda kumwambia Wayua ukweli wote. Alimkuta akifukia mayai nyuma ya jiko.

"Sawa, mzee," Wayua alisema, na hakuacha kuchimba.

Muthama aliporudi nyumbani, Ndeti alimwita saa yao ya kawaida. Upande wa Ikutha mtu akabonyeza maiki, asiseme kitu. Hewa ilikuwa safi kuliko ilivyowahi kuwa. Ndeti alisikia pumzi ikipita kwenye tundu ambalo madaktari walimwachia shingoni, ikiingia, ikitoka, kila moja wazi.

"Nakupata vizuri sana," alimjibu, kama walivyozoea, huku akilia.