Mkia wa Wimbo

Nilikuwa nimepiga magoti dukani kwa fundi wa redio, tepu yangu ya ushonaji imezunguka kiuno cha spika kana kwamba napimia gauni. Kimo, sentimita mia moja na nne. Zilikuwa mbili, ndefu, zimesimama bila kuegemea kitu, na mama alikuwa anazingoja nyumbani.

Zile za zamani zilikaa rafuni miaka zaidi ya ishirini, kila moja haizidi kisanduku cha viatu. Ndizo mama alizosikilizia kanda yake moja kila alasiri: kwaya ya kiwanda cha sabuni, nyimbo nne, baba akiwa upande wa besi. Baba alipofariki, macho ya mama nayo yakaanza kuzimika, na mwaka uliofuata hakuwa anaona hata mkono wake. Akabaki na masikio na kanda. Lakini spika zile hazikuwa na ubavu wa kubeba besi. Wanawake walitoka vizuri, wanaume wakawa mvumo tu, kama majirani wanaoongea nyuma ya ukuta.

"Baba yako amebanwa mle ndani," mama alilalamika. "Wewe mtu wa vipimo, mtafutie nafasi."

Baba alikuwa na kasoro moja ya uimbaji: hakujua kumaliza na wenzake. Wao wakifunga kinywa, yeye huendelea pumzi moja zaidi, besi yake inaburuta mkia. Mama alimtania kila siku: "Wenzako wameshafika nyumbani, wewe bado uko njiani." Baba alicheka, na kesho yake akarudia vilevile bafuni, nasi watoto tukaumalizia wimbo kwa kumwiga.

Fundi alikuwa ameihamisha ile kanda kwenye flashi. Akaichomeka, akaniambia, "Sikiliza mwenyewe, dada."

Nikausikia ukumbi. Nikasikia kiti kikisogezwa, mtu akikohoa, kisha wanawake, na mwisho wakaingia wanaume, watano, kila mmoja amesimama mahali pake. Nilitabasamu peke yangu kama mjinga. Nikangoja mwisho wa wimbo nimsikie mzee wangu akichelewa kufika. Wanaume wakafunga kwa pamoja, safi, kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi mkali. Wimbo wa pili hivyohivyo. Wa tatu. Wa nne.

Baba hakuwemo.

Ndipo nilipoikumbuka siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na shati jeupe alilovaa kwenda kurekodi nililipiga pasi mimi. Alirudi jioni, akasema, "Imekwisha," akaenda kuoga. Bafuni palikuwa kimya. Mwezi mmoja baadaye alileta kanda, na spika ambazo nadhani ndizo zilizokuwa ndogo kuliko zote dukani. Mama alipoisikiliza mara ya kwanza alilia kwa furaha, na baba akamwacha alie. Kama mwalimu wa kwaya alimtoa kwa sababu ya mkia wake, au yeye mwenyewe aliogopa mlangoni, sijui. Wa kumuuliza hayupo.

Fundi alinitazama usoni. Nadhani alidhani nimeshtushwa na bei.

"Nikwambie ukweli hata kama nakosa biashara," alisema. "Chumba ulichonitajia ni kidogo. Hizi zitanguruma bure. Hizo ndogo ulizokuja nazo zinatosha kabisa."

Ningeweza kumkumbatia. Ulikuwa uongo niliouhitaji, tena ulikuwa kweli. Nikapiga simu nyumbani.

"Mama, fundi anasema chumba ni kidogo."

"Chumba ni kidogo, lakini baba yako hakuwa mdogo. Zilete, mwanangu. Nimsikie vizuri hata mara moja."

Sikuwa na pa kutokea. Nikimnyima, nimemnyima mumewe; nikimpa, nimemnyang'anya. Nimeshalipitia jambo hili mara nyingi nikiwa kwenye cherehani, na mpaka leo sijaona ningesema nini. Nikamkabidhi fundi zile ndogo, akazihesabu kama sehemu ya malipo, nikarudi na ndefu.

Mama alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Alizipapasa kuanzia chini hadi juu, akacheka. "Amekua!"

Nikawasha. Aliwatambua wanawake mmoja mmoja: huyu wa ghalani, huyu wa mashine ya kufungasha. Wanaume walipoingia aliinua mkono kuniashiria ninyamaze, ingawa sikuwa nimesema kitu. Wimbo ukaisha. Mkono ukabaki juu.

"Rudia mwisho."

Nikarudia.

"Rudia tena."

Nikarudia, nikikichukia kidole changu. Alishusha mkono polepole, akauweka mapajani.

"Zile ndogo ziko wapi?"

Nikampigia fundi. Kinyozi wa mtaa wa pili alikuwa amezinunua mchana uleule, akasafiri kwenda kuzifunga kijijini kwao, safari ya siku nzima. "Samahani, dada. Nilijua huzihitaji tena." Sikuhitaji kumweleza mama. Masikio yake yalikuwa yameshasikia yote.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

"Punguza sauti," alisema.

Nikapunguza.

"Tena."

Nikapunguza mpaka wanaume wakazama, wakawa mvumo nyuma ya ukuta, na wanawake wakabaki wembamba kama uzi. Mama aliinamisha kichwa kuelekea spika. Wimbo uliisha, au nadhani uliisha. Kwa sauti ile hakuna ambaye angeweza kuapa.

"Hapo," alisema. "Usiguse tena. Bado yuko njiani."