Namba Tatu Si ya Kaburi

Walisema namba tatu ni ya kaburi. Sijui nani alianza, lakini mwaka ule wa sitini na sita kila mama wa Migori alikuwa anaisema, na mimi nililala nayo nikaamka nayo.

Kwenye dispensari ya misheni, karani Nyakundi alikuwa anaandika namba kwa kadi ya kila mgonjwa. Moja: dresa, yule msaidizi wa daktari, akutazame, upewe dawa, uende. Mbili: umerudi na ugonjwa uleule. Tatu: uingie kwa daktari, akupime mpaka amalize, na ulipe zaidi. Baadhi ya wale wa tatu walipelekwa hospitali kubwa ya Homa Bay kwa gari la misheni, na wengine wao walirudi wamefunikwa. Basi wamama wakaanza kumlilia karani: baba, niandikie moja. Naye ni mtu wa huruma. Aliyelia alipata moja, aliyenyamaza alipata tatu.

Siku mwanangu Orpah alipoanza kuhema, nilikuwa nimeenda Awendo kuuza ndizi. Mama mkwe wangu, Teresa, ndiye alimpeleka. Nilipofika niliwakuta kwenye benchi la namba moja, mama amefurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

"Nimelia mpaka akatoa moja," akaniambia. "Dresa ametupatia dawa ya malaria. Twende nyumbani."

Nikafunua shuka. Mtoto akivuta pumzi, mbavu zinaingia ndani. Hata macho hayakunifuata.

Nikamwendea karani. "Baba, badilisha hiyo. Mwandikie tatu."

"Nyinyi wamama!" akasema. "Asubuhi mnataka moja, mchana mnataka tatu. Kwani hapa ni sokoni?"

"Andika vile unaona. Mwangalie yeye kifua, usiniangalie mimi machozi."

Mama akanishika mkono. "Bonareri, unamzika mjukuu wangu na mdomo wako?"

Ule uvumi bado ulikuwa masikioni. Lakini sikuondoka pale. Karani akamtazama Orpah kifua. Akakata moja, akaandika tatu. Daktari alisikiliza kifua, akasema ni mapafu, na gari likawashwa papo hapo.

Mama hakupanda. Alirudi nyumbani akilia barabara nzima. Siku tuliporudi kutoka Homa Bay, Orpah mgongoni akidai uji, tulikuta viti vya kanisa alivyoazima mama vimepangwa uani na watu bado wanakuja kutoa pole za msiba.

Jirani yangu Nyasuguta akaangusha kikombe. "Huyu si ndiye?"

"Ndiye. Na ana njaa."

Nimechoka kueleza haya kila siku kisimani, ndiyo sababu naandika. Wamama, msifanye hivi:

Msimlilie karani abadilishe namba. Aandike anachoona.
Msiseme mmerudi na ugonjwa uleule kama ni mwingine.
Msitumie kadi ya mtoto mmoja kwa mwingine.
Msiondoke na mtoto ambaye mbavu zinaingia ndani, hata kama mmepewa dawa.
Na msiazime viti kabla ya kuuliza.