Miaka Minne ya Précieux

Kama uliangalia mpira wa Ubelgiji msimu uliopita, huhitaji kuambiwa Lombe Précieux ni nani. Winga wa kushoto, magoli kumi na saba. Alikuwa na mguu mmoja tu wa kupigia, lakini mguu wenyewe, we! Mabeki walijua anakotaka kwenda na bado walifika wamechelewa. Mwezi wa sita klabu kubwa ya huko huko ikamwandalia mkataba wa miaka mitatu, daktari akampima kuanzia moyo hadi kidole gumba, likabaki jambo moja: kutia sahihi Jumatatu. Akaona siku hizo chache asizipoteze, akapanda ndege kuja Lubumbashi kumsalimia mama yake.

Sasa nikuambie jambo ambalo mtaa wao mzima wa Makomeno ulilijua na Makomeno nzima ilifunga mdomo. Mtu huyu hakuwa Précieux. Alikuwa Donat. Précieux ni mdogo wake.

Huku kwetu mchezaji ana umri wa aina mbili, ule aliozaliwa nao na ule wa mpira. Miaka kumi iliyopita, mashindano ya watoto wasiozidi miaka kumi na mitano yalileta Wazungu wawili wenye madaftari, wakitafuta vipaji. Donat alikuwa ametimiza kumi na minane. Kocha akaja nyumbani kwa mama yao, Mama Germaine. "Mama, mutoto iko fundi," akamwambia, "lakini karatasi yake iko muzee." Mama Germaine akafungua sanduku, akatoa cheti cha kuzaliwa cha mdogo, aliyekuwa na miaka kumi na minne, akakitoa kama mtu anayempa jirani chumvi. Hakuna aliyeona ubaya. Nusu ya timu ilifanya vile vile. Na ili Wazungu wasije wakasikia Précieux wawili katika nyumba moja, tangu siku hiyo mdogo akaitwa Petit. Mama alimwita Petit, majirani wakamwita Petit, hata padri akazoea.

Basi Jumanne mchana walikuwa watatu mezani, bukari, ndio ugali wetu, inatoa moshi, sombe ya majani ya muhogo na samaki tomson pembeni. Donat alikuwa anasimulia goli la kumi na saba kwa mikono yote miwili. Petit hakugusa chakula.

"Petit, ni nini? Goli haikupendeza?"

"Yaya," akasema, kama alivyozoea kumwita kaka yake, "nilienda kuomba pasipoti."

Alikuwa amepata bourse, yaani ufadhili, ya kwenda kusoma mambo ya migodi huko Moroko, masomo yanaanza mwezi wa tisa. Alikuwa amesomea mawe chuoni miaka mitano, na katika darasa lake alishika nafasi ya kwanza.

"Mama wa pale akaandika jina yangu," Petit akasema. "Kwa ekra, ile kioo ya mashini, ikatokea sura yako. Akaniambia huyu muntu iko na pasipoti tayari, anacheza mupira Ulaya. Nikirudi tena kusema ni mimi, ataita polisi."

"Eeh, hiyo haiko kintu ya kununia," Mama Germaine akadakia. "Tutamutafutia karatasi ingine. Atwae jina ya Donat. Si iko pale bure? Hakuna muntu anaitumia."

Donat akacheka. Akakuta anacheka peke yake.

"Mama," Petit akasema, wala hakupandisha sauti, "kwa diplome yangu baliandika Précieux. Kwa bourse, Précieux. Miaka kumi munaniita Petit, nikanyamaza. Ni kwa masomo tu nilibakia na jina yangu."

Donat akaona haya, haya za kweli. Watu elfu ishirini walikuwa wakimwimbia jina lile kila Jumamosi, naye anawanyanyulia mikono, na hata siku moja hakuwahi kumfikiria mwenye jina. Neno lilikuwa tayari mdomoni: ngoja, mdogo wangu, miaka mitatu tu, mkataba uishe. Na Petit angekubali. Hilo ndilo lililomtisha. Petit angesema sawa Yaya, angemaliza bukari yake, na bourse ingekwenda kwa mwingine.

Akalimeza neno lile, akachukua simu.

"Unapigia nani?" Mama Germaine akamshika mkono. "Donat! Unataka kutuua?"

"Mama, miguu iko yangu. Ni karatasi tu ilikuwa ya Petit."

Mkurugenzi wa klabu akapokea kwa furaha, akauliza hali ya hewa ya Kongo. Donat akamwambia kwa Kifaransa, moja kwa moja: jina langu ni Donat, Précieux ni mdogo wangu, nina miaka ishirini na minane, si ishirini na minne. 

"Miaka mitatu haipewi mtu wa ishirini na minane," mkurugenzi akasema. "Jumatatu usije. Utasikia kutoka kwa wanasheria. Wanaweza kukufungia mwaka mzima."

"Wakiniita nitakuja kuwajibu. Lakini magoli kumi na saba niliyafunga na miguu hii hii yenye miaka ishirini na minane. Atakayenipa mwaka mmoja ataona."

Simu ikakatwa. Mama Germaine akasukuma sahani, akaingia chumbani. Siku mbili hakumsemesha.

Alhamisi asubuhi, baridi kali, vumbi la mwezi wa sita juani, ndugu wawili wakaenda ofisi ya pasipoti. Mama alifuata nyuma amejifunga kitenge na sweta, akakaa kwenye benchi bila kumwangalia mtu. Maelezo yakachukua saa mbili, maana mkubwa wa ofisi alitaka yasomwe mara tatu, kisha akaandikisha kila kitu upya. Mdogo akaketishwa mbele ya kamera. Alipoulizwa jina akalisema kwa nguvu hata foleni nzima ikageuka, na Donat akapiga makofi kama yuko uwanjani.

Kisha ikawa zamu yake.

"Jina?"

"Lombe Donat."

"Miaka?"

"Makumi mbili na munane."

"Kazi?"

Hapo mwanamke wa ofisi aliyekuwa akiuliza akainua kalamu. Habari ilikuwa imeshatoka redioni tangu asubuhi. "Kazi niandike nini, papa? Banasema klabu ilikukataa. Banasema batakufungia."

Donat alikuwa na jibu, lakini kabla hajafungua mdomo benchi likalia nyuma yake. Mama Germaine alikuwa amesimama.

"Andika mucheza mupira," akasema. "Huyu ni mutoto yangu ya kwanza, Donat. Ni miye nilimuzaa, ni miye nilimuficha. Andika vizuri."

Mwanamke akaandika.